Mkipanda Mlima wa Dhahabu wa Bangkok, anzieni chini

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Kazi yetu ni kuandaa safari za watu wa hapa Dodoma wanaokwenda Asia, na kuna maelezo tunayoyarudia ofisini kila wiki. Heri tuyaandike mara moja yasomwe na wote.

Wanaokwenda Bangkok ni wa aina tatu: mtumishi wa wizara aliyeitwa mkutanoni, mfanyabiashara anayefuata nguo soko la Pratunam, na mtu wa madini mwenye mawe yake mfukoni. Wote hupata upenyo wa saa mbili tatu, na wote huulizia pa kutembelea pasipokula siku nzima. Jibu letu ni Wat Saket, hekalu la Kibuddha ukingoni mwa mji mkongwe, lenye kilima kiitwacho Phu Khao Thong, yaani Mlima wa Dhahabu. Shida ni kwamba wengi hukipanda mbio, wakapiga picha na mnara, wakashuka, kisha wakaja kulalamika kwamba ni ngazi tu na jua. Kilima kile kinasomwa kuanzia kwenye kitako.

Kwanza msitegemee mlima wa kwetu. Hapa ukichimba msingi Mlimwa, sururu inagonga jiwe. Bangkok imekaa juu ya tope la bahari, mita moja na nusu hivi kutoka usawa wa maji, na tope hilo laini linashuka zaidi ya mita 10. Kilima chenyewe, chenye kimo cha karibu mita 80, kilitengenezwa na watu, tena bila kukusudia. Mfalme Rama wa Tatu, aliyetawala kuanzia 1824 hadi 1851, alitaka kusimamisha pale chedi kubwa mno. Chedi ni mnara wa ibada wa matofali. Matofali yakapandishwa, uzito ukaishinda ardhi, jengo likadidimia na kuporomoka kabla halijaisha. Lundo likaachwa hapo hapo. Majani yakaota, miti ikaota, watu wakazoea kuliita mlima. Mdogo wake aliyemrithi, Rama wa Nne, hakulisomba lile lundo. Aliamua ijengwe chedi ndogo juu yake, na kazi ikamalizika enzi ya mwanawe, Rama wa Tano. Hata hapo mvua iliendelea kuumong'onyoa udongo, mpaka miaka ya 1940 kilima kikazungushiwa kuta za saruji. Fundi yeyote wa hapa aliyeona nyumba ikipasuka katikati kwa kujengwa kwenye udongo mweusi wa mbuga hahitaji mwongoza watalii wa kumfafanulia.

Ndiyo maana tunasema mtembee kwanza chini. Chini ya miti, kando ya njia ya kupandia, kuna makaburi ya zamani yaliyofunikwa na mizizi na mimea itambaayo. Karibu nayo kuna sanamu zinazowashtua wageni: tai wenye shingo tupu wakidonoa maiti, na watu wamesimama wanatazama. Si urembo. Zamani sheria ya mji ilikataza kuchoma maiti ndani ya kuta, kwa hiyo wafu walitolewa kupitia lango moja upande huu, wakaletwa Wat Saket nje ya ukuta. Mwaka 1820 kipindupindu kilipoingia, watu walikufa kwa maelfu. Kuni na mikono havikutosha, miili ikalala uwanjani, na tai wakaja. Mpaka leo Wathai wakitaja "tai wa Wat Saket" wanajua wanazungumzia nini. Dakika 20 pale zinatosha, na ukizikosa, dhahabu ya juu inabaki rangi tu.

Sasa namna ya kufika. Aliyefikia Pratunam asipande teksi, maana foleni ya kwenda mji mkongwe jioni itamla saa nzima. Ashuke kwenye gati la mfereji wa Saen Saep, achukue boti inayokwenda Phanfa, kituo cha mwisho, hawezi kupitiliza. Boti hizi hazina mchezo. Zinagusa gati kwa sekunde chache, unakanyaga ukingo, unashika kamba, unaingia. Kondakta hutembea nje, kwenye ukingo mwembamba wa boti, amevaa kofia ngumu, akikusanya nauli huku boti inakimbia. Andaa sarafu na noti ndogo, baht 20 hivi zinatosha, na baht moja ni kama shilingi 70 hadi 80 za kwetu. Pembeni kuna turubai la plastiki lenye kamba. Maji yakianza kurukia ndani, abiria wa pembeni ndiye huvuta kamba lipande. Ukikaa pembeni, hiyo ni kazi yako. Maji yale si ya kuonja, funga mdomo boti mbili zinapopishana.

Anayetoka kwenye jengo la mikutano la Umoja wa Mataifa, barabara ya Ratchadamnoen Nok, hahitaji chombo. Afuate barabara hiyo kuelekea kusini hadi daraja la Phanfa, robo saa au dakika 20 kwa miguu. Darajani ataiona ngome nyeupe ya Mahakan, na nyuma yake mnara wa dhahabu umechomoza juu ya miti. Avuke mfereji, aingie barabara ya Boriphat yenye maduka ya mbao na milango ya kuchonga. Geti haliko mbali.

Kuhusu bajaji za kule, ni zilezile isipokuwa ni pana zaidi na zina taa nyingi. Patana bei kabla ya kukaa. Dereva au mpita njia aliyevaa vizuri akikwambia "hekalu limefungwa leo, nikupeleke pengine", ujue unapelekwa duka la vito. Wanaokwenda na mawe ya Tanzania hucheka wakisikia hivyo, ila wapo waliocheka kisha wakanunua.

Kilima hufunguliwa saa 1:30 asubuhi na kufungwa saa 1 usiku. Kiingilio cha mgeni kilikuwa baht 50 kwa muda mrefu, sasa ni 100. Nenda asubuhi kabla ya saa 3, au jioni kuanzia saa 10:30. Hapa ndipo watu wa Dodoma hukosea zaidi kuliko wengine, kwa sababu wanajiamini na jua. Joto la kwetu ni kavu, jasho linatoka na kukauka, mwili unapoa. La Bangkok limejaa unyevu. Jasho linatoka na kubaki mwilini, shati linaganda mgongoni na mwili haupoi hata kidogo. Mtu anayekwea mawe ya Dodoma saa 6 mchana bila shida anaweza kupata kizunguzungu kwenye ngazi ya 200. Kunywa nusu lita ya maji kabla ya kuanza, beba nusu nyingine. Mwavuli nao usisahaulike. Kuanzia Mei hadi Oktoba kwetu hakunyeshi, tunavaa masweta. Kule ndio msimu wa mvua, na mvua yenyewe hupenda kushuka alasiri.

Ngazi zinahesabiwa 344. Zisikutishe. Ni fupi kwa kimo, pana, na zinazunguka kilima taratibu kama uzi kwenye pia, hivyo mzee wa miaka 70 anapanda kwa dakika 15 akipumzika mara mbili. Vibao vinaonyesha upande wa kupandia na wa kushukia, vifuate, la sivyo utakutana na kundi zima uso kwa uso. Njiani kuna kengele za shaba zimepangwa mstari mmoja, na upatu mkubwa. Hizi zinaruhusiwa kugongwa, na waumini huzigonga moja baada ya nyingine wakipita. Gonga kiungwana mara moja, uache mlio uishe wenyewe. Kinachoangusha watu ni kuteleza wakati wa kushuka, ngazi zikiwa zimelowa na mguuni una ndala zilizolika. Lifti hakuna. Mwenye kiti cha magurudumu ataishia chini, na hilo ni vizuri alijue akiwa bado Dodoma.

Mavazi: mabega na magoti yafunikwe. Wanawake wa kwetu wana suluhisho tayari, kanga moja kwenye mkoba, na kanga hiyo hiyo itakuwa kivuli njiani. Wanaume ndio wasumbufu, hasa wa kaptura. Viatu vivaliwe vya kuvuliwa haraka. Ukifika chumba cha juu utavivua, na wenye buti za kamba huziba mlango.

Chumba hicho kiko chini ya paa, chenye vijia vinavyokutana katikati na madirisha wazi pande zote. Upepo wa huko ni zawadi. Katikati ndipo penye kibanda cha ibada. Mwaka 1898 huko Piprahwa, kaskazini mwa India karibu na mpaka wa Nepal, palifukuliwa masalia yanayoaminika kuwa ya Buddha mwenyewe. Serikali ya Waingereza nchini India ikampa sehemu yake Rama wa Tano, naye akayaweka hapa. Kwa hiyo huyo mama aliyepiga magoti mbele yako na vijiti vitatu vya udi na ua la yungiyungi hakuja kupiga picha. Pita nyuma yake, usikatize mbele. Ukikaa sakafuni, kunja miguu nyuma. Nyayo hazielekezwi kwenye sanamu. Mwanamke hamgusi mtawa wala kumpa kitu mkono kwa mkono. Anakiweka mezani au kwenye kitambaa, mtawa akichukue. Sanamu nyingine utaona zimebandikwa vipande vya dhahabu vyembamba kuliko ganda la kitunguu, vinatikisika upepo ukipita. Waumini hununua kipande na kukibandika kwa ncha ya kidole. Usivibandue kuangalia kama ni dhahabu kweli. Tumeulizwa swali hilo mara nyingi mno.

Wapo Waislamu na Wakristo wanaotuuliza kama kuingia ni kushiriki ibada. La kuamua la imani tunawaachia masheikh na wachungaji, ila la utaratibu tunalijua: hakuna anayekulazimisha kuinama, kuwasha udi wala kutoa sadaka. Unavua viatu, unatulia, unatoka. Anayeingia Msikiti wa Gaddafi pale mjini kama mgeni anafanya hivyo hivyo.

Kutoka chumbani kuna ngazi ya mwisho, nyembamba na ya mwinuko, inayotokea kwenye paa ilipo chedi ya dhahabu. Waumini huizunguka wakiiweka mkono wa kulia, nawe zunguka nao. Halafu simama upande wa magharibi. Mbele yako ni mapaa mafupi ya vigae hadi ikulu ya kifalme, na nyuma yake, ng'ambo ya mto, mnara wa Wat Arun. Kaskazini magharibi utaona daraja la Rama wa Nane lenye nguzo moja na nyaya zake. Geukia mashariki: ukuta wa maghorofa, likiwemo Baiyoke la mita 304 lililo Pratunam. Tofauti hiyo haikuja yenyewe. Ndani ya mji mkongwe sheria inazuia majengo marefu. Maofisa mipango miji wetu wanaopelekwa Bangkok kwa semina wapewe nusu saa ya kusimama kwenye paa hilo. Dodoma ilitangazwa makao makuu mwaka 1973 na bado ina vilima vyake vinavyoonekana kutoka barabarani, ingawa kila mwaka ghorofa jingine linaziba kimoja.

Ukikaa mpaka saa 12 kamili jioni unaweza kusikia wimbo wa taifa ukipigwa kwenye vipaza sauti mjini. Wenyeji wakisimama kimya, simama.

Mwenye saa moja ya ziada aende Ban Bat, mtaa ulio jirani, ambako familia chache bado zinatengeneza bakuli za chuma za watawa kwa mkono. Vipande vinane vya bati la chuma huunganishwa, huchomwa motoni, hugongwa hadi vikawa duara. Hutauliza njia mara mbili, nyundo zinasikika. Au avuke barabara kwenda Loha Prasat, jengo lenye vilele 37 vya chuma, kimoja kwa kila sifa ya kumfikisha mtu kwenye mwangaza kwa mafundisho yao. Na anayetaka kuleta nyumbani sanamu ya Buddha aulize kwanza kuhusu kibali cha kuitoa nchini, vinginevyo itabaki uwanja wa ndege.

Mwezi wa Novemba, kuzunguka mwezi mpevu wa sikukuu ya Loy Krathong, chedi huvishwa kitambaa kirefu chekundu, na chini ya kilima hufanyika gulio la usiku kwa siku kadhaa. Ni wakati mzuri kwa anayependa watu. Kwa mwenye mkutano kesho yake asubuhi si wakati wake, kwani foleni ya ngazi huanzia getini. Na siku yoyote utakayokwenda, ukipanga kurudi Pratunam kwa mfereji, uliza gatini Phanfa saa ya boti ya mwisho kabla hujapanda kilima. Jumamosi na Jumapili boti huwa chache.

Ni sisi waandaaji wa safari,
Area C, Dodoma