Barua kwa mwanangu aliyeko Plovdiv, Bulgaria: milima ya Rodopi haina kiingilio

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku Lushoto hatujambo. Bibi yako anakusalimu, anauliza kama baridi imeanza kulegea. Nimesoma ujumbe wako kwamba wenzako wamechanga kwenda Rodopi, hoteli ni ya Pamporovo na kuna jeep ya kuwapandisha mlimani, na wewe ukawaambia una mtihani. Mtihani huna, mama. Huna hela, na hilo si jambo la kunionea haya mimi.

Basi nisikilize, maana nami nilisoma hapo hapo Plovdiv miaka ya 1980, kwa posho ya mwanafunzi iliyokuwa ikifa kabla ya mwezi. Ile milima unayoiona kusini ukiwa juu ya kilima cha Nebet Tepe haikuwahi kunidai kitu. Rodopi unalipia mapango, ngome, makumbusho na uvivu wa miguu. Vilivyobaki, na ndivyo vingi, ni bure.

Anza karibu. Nyuma ya stesheni ya treni kuna stendi ya mabasi ya Rodopi. Panda basi la Smolyan, ushuke Bachkovo, kama kilomita 30 tu. Monasteri yake ilianzishwa mwaka 1083 na Grigori Bakuriani, jemadari wa Bizanti mwenye asili ya Georgia. Makumbusho yake madogo yanatozwa, lakini uani unaingia bure, na uani ndiko kwenye uhai: wazee wamekaa kivulini, mishumaa inawaka, kuta zimejaa michoro. Sisi ni Waislamu, lakini sikuwahi kuulizwa dini yangu pale. Funika mabega, punguza sauti, inatosha.

Watalii wengi hupiga picha uani, wakala samaki barabarani, wakarudi mjini. Wewe zunguka nyuma ya monasteri, ushike njia inayopanda kwenye vikanisa vidogo vya msituni. Huko ni ukingo wa hifadhi ya Chervenata stena, yaani ukuta mwekundu, iliyotengwa mwaka 1962. Ukienda Mei au Juni, tazama kwenye miamba yenye kivuli: utaona ua dogo la zambarau hafifu liitwalo Haberlea. Mmea huo hukauka ukajikunja ukadhani umekufa, hata kwa miezi mingi, kisha ukipata maji unafumbua majani na kuendelea na maisha yake. Profesa wetu wa mimea alikuwa akiuhifadhi mkavu katikati ya karatasi, halafu anauamsha mbele ya darasa. Usiuchume, sheria inaulinda. Na ndani ya hifadhi usiache njia iliyowekwa alama, wala usithubutu kupiga hema.

Maji usinunue. Kila baada ya mwendo utakuta cheshma, bomba la chemchemi lililojengewa kwa mawe kando ya njia, mara nyingi lina kibao chenye jina la marehemu na pengine picha yake. Familia hujenga kwa kumkumbuka mtu wao. Kwenye vijiji vya Wapomaki, ambao ni Waislamu wanaozungumza Kibulgaria, wanajenga kwa nia ile ile babu yako aliyochimbia kisima pale msikitini: sadaka jaria, ile ambayo thawabu yake haikatiki. Kunywa, jaza chupa, mwombee mwenye jina. Penye maandishi kwamba maji hayajapimwa, pita. Wewe ndiye daktari mtarajiwa, sihitaji kukufundisha.

Sasa kama una siku mbili, usishuke Bachkovo. Endelea hadi Smolyan, kama kilomita 100 kutoka Plovdiv, mji uliotandazwa bondeni kwenye kimo cha mita 1,000 hivi. Pembeni ya mji inaanza njia ya miguu wanayoiita Kanyon na vodopadite, korongo la maporomoko. Kama ningeruhusiwa kukuonyesha sehemu moja tu ya Rodopi, ningekupeleka hapo. Wanahesabu maporomoko 46. Mengine ni michirizi tu ya maji inayoteleza juu ya jiwe, na nadhani aliyehesabu alikuwa mkarimu. Lakini lile la Orfey lina mita 68, na ukilikaribia unalisikia kifuani kabla hujaliona. Njia inavuka mto kwa madaraja ya mbao, tena na tena, ndani ya msitu wa misonobari. Nenda theluji inapoyeyuka, mwisho wa Aprili au Mei, maji yakiwa na hasira. Agosti utakuta mengi yamenywea. Mbao zikilowa zinateleza vibaya, kwa hiyo shika kamba na usipige picha huku unatembea. Jipe siku nzima, wala usishindane na mtu.

Njia za mlimani zina alama kwenye miti na mawe: mstari wa rangi katikati ya mistari miwili mieupe. Shika rangi moja mpaka mwisho. Ukitembea robo saa bila kuiona, rudi ulipoiona mara ya mwisho, usiende mbele kwa kubahatisha.

Kuna jambo sijakusimulia. Enzi zetu nusu ya milima hii ilifungwa kwetu. Upande wa pili ni Ugiriki, nayo ilikuwa NATO, kambi ya Magharibi, Bulgaria iko Mkataba wa Warsaw, kambi ya Kisovieti. Hivyo vijiji vya karibu na mpaka vilikuwa eneo la ulinzi. Hata Mbulgaria wa Sofia alihitaji kibali maalumu kwenda kumtembelea shangazi yake. Mwanafunzi kutoka Tanzania angeanzia wapi? Trigrad, kijiji kimojawapo cha mpakani, nilikuwa nikiisikia kwa jina tu, mpaka nilipokuja tena na mama yako, baada ya wewe kuzaliwa, tukaingia bila kuulizwa na mtu. Mama yako hakuelewa kwa nini nilisimama barabarani nikatazama tu.

Nenda Trigrad kwa ajili ya korongo lenyewe. Barabara ni nyembamba, kuta za marumaru zimepanda pande zote mbili, mto uko chini ya miguu yako. Mto huo unaingia kwenye pango la Dyavolsko garlo, koo la shetani, na inasimuliwa kwamba Orfeo, yule Orfey wa poromoko, mwimbaji wa hekaya za kale, alipita hapo kumfuata mkewe kuzimu. Kuingia pangoni ni kwa tiketi. Kusimama nje ukasikiliza mto unavyomezwa hakulipiwi. Utawakuta wazungu wenye kamera ndefu wameinua shingo saa nzima: wanamtafuta ndege mdogo wa kijivu mwenye mabawa mekundu anayetambaa kwenye mwamba. Waulize, watakuazima darubini. Wapenda ndege hawana siri wala choyo.

Jeep za wenzako zitakuwa zinawapeleka Orlovo oko, lile jukwaa la chuma linaloning'inia juu ya bonde karibu na Yagodina, kwenye mita 1,563. Unaweza kupanda kwa miguu kutoka kijijini bila kulipa. Mandhari ni makubwa, sikatai, lakini watu ni wengi na kila mmoja anasubiri zamu ya picha. Mimi ningekaa korongoni.

Njia ya kurudi ipitie Shiroka Laka. Ni kijiji cha nyumba nyeupe zenye paa za mawe na vidaraja vilivyobinuka, unakizunguka bure. Wana shule ya muziki wa asili, na ukipita wakati wa masomo unasikia gaida, zumari la mfuko wa ngozi, zikitoka madirishani. Ya Rodopi ni kubwa na sauti yake ni nzito, wanaiita kaba gaida. Mwaka 1977 Wamarekani walipotuma vyombo vya Voyager angani na rekodi ya sauti za dunia, waliweka humo sauti ya Valya Balkanska, mwimbaji wa milima hii hii, akisindikizwa na gaida. Julai, kwenye nyasi za Rozhen, kuna tamasha ambalo wapiga gaida hukusanyika kwa makumi. Kukaa nyasini hakuna tiketi.

La mwisho liko mbali kidogo, upande wa mashariki: Dyavolski most, daraja la shetani, juu ya mto Arda karibu na Ardino. Lilijengwa kati ya 1515 na 1518, zama za Sultani Selim wa Kwanza. Lina mita 56, tao la katikati limeinuka zaidi ya mita 11, na limezungukwa na miti tu, hakuna kibanda cha tiketi. Wenyeji husimulia kwamba fundi alipima kivuli cha mkewe akakijengea ndani ya jiwe ili daraja lisimame. Shuka hadi ukingoni uliangalie kwa chini asubuhi, maji yakiwa yametulia: tao na kivuli chake vinafanya duara kamili.

Watu wa Ardino wengi ni Waturuki. Majira ya baridi ya 1984 kuingia 1985 nilikuwa Plovdiv, serikali ilipowalazimisha kuacha majina yao na kuchukua ya Kibulgaria. Hatukuambiwa kitu, mwenzetu mmoja darasani alirudi kutoka likizo ana jina jingine, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Mwaka 1989 zaidi ya 300,000 walikimbilia Uturuki, wengine wakarudi baadaye. Mzee wa kule akikutajia jina lake, litamke vizuri.

Watakukodolea macho vijijini, hilo nalijua. Wengi ni udadisi tu. Salimu kwa Kibulgaria chako na bibi mmoja atakuvuta ndani. Ukiletewa kachamak usishangae, ni unga wa mahindi uliosongwa, ila wao wanaupaka siagi na jibini. Ukikutana na mtu mwenye maneno mabaya, usibishane naye, ondoka.

Dubu wapo, lakini mara nyingi wao ndio hukukimbia. Mimi naogopa zaidi mbwa wa wachungaji. Ukiona kundi la kondoo, simama mbali, usikimbie, mwite mchungaji. Jioni jikague kupe. Juni na Julai radi hupiga mchana, kwa hiyo uwe umeshuka kileleni kabla ya saa nane. Mwachie mwenzako wa hosteli jina la njia unayopita, na namba ya dharura ni 112. Usiende peke yako. Kati ya hao waliobaki hosteli, naamini yupo mwingine mwenye mtihani kama wako.

Viatu tu ndivyo huwezi kuvipata bure, na vile vya raba ulivyoondoka navyo havifai kwenye mbao zilizolowa. Nimempa kaka yako hela ya viatu, atakutumia Ijumaa. Nunua vyenye soli ya meno, vikufunike kifundo. Chenji itumie nauli ya Smolyan, usinirudishie.

Baba yako