Programu za muziki ziache kutuvurugia albamu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme kuhusu hizi programu za kupanga muziki kwenye kompyuta, maana naona watu wanalalamika chinichini tu halafu inaishia hapo. Unaingia kurekebisha herufi moja kwenye jina la msanii, unasevu, ukija kusikiliza unakuta wimbo wa tatu umepewa jina la wa nne, wa nne umechukua la wa tano, na ule wa mwisho umebaki hauna jina kabisa. Mimi yamenikuta kwenye albamu ya CD mbili, nilichogusa ni jina la msanii tu basi, lakini programu ikaamua yenyewe kufuta namba ya diski, sasa nina wimbo namba 1 wawili, namba 2 wawili, hivyo hivyo mpaka chini, zinapiga kwa kupishana, moja wa CD hii moja wa CD ile!

Na ubaya wake ni kwamba haya maelezo, yaani jina la wimbo, msanii na namba, hayakai kwenye programu peke yake, yanaandikwa ndani ya faili lenyewe la wimbo. Kwenye MP3 wanaziita tagi za ID3. Zile za kwanza kabisa za 1996 zilikuwa kijisehemu cha baiti 128 mkiani mwa faili, jina la wimbo limepewa herufi 30 tu, ndio maana nyimbo za zamani utakuta jina limekatwa katikati. 1998 likaja toleo la pili linalokaa mwanzoni mwa faili na lina nafasi kubwa, ila la zamani halikuondoka, faili nyingi zinabeba yote mawili. Sasa programu nyingine inarekebisha moja inaliacha lingine, kwenye kompyuta unaona jina sahihi, ukihamishia kwenye redio ya gari linarudi lile bovu, unabaki unajiuliza nani mchawi.

Halafu kuna hiki wanachokiita kutafuta maelezo kiotomatiki, hapa ndio penye balaa lenyewe. Ukiweka CD, programu nyingi haziitambui kwa kuisikiliza, zinaangalia ina nyimbo ngapi na kila mmoja una urefu gani, kisha zinaenda intaneti kutafuta inayofanana nayo. CD mbili tofauti kabisa zinaweza kugongana hapo. Au albamu ni ileile ila toleo jingine limeongezewa wimbo mmoja katikati, programu inamwaga majina kutoka juu kwenda chini bila kuuliza, na kuanzia hapo kwenye nyongeza kila kitu kimesogea hatua moja. Urefu wa kila wimbo inao, ingelinganisha tu ingeona dakika 3 haziwezi kuwa dakika 7, lakini wapi.

Sisemi kitu kuhusu zile albamu za mkusanyiko, zenye wasanii mbalimbali, ambazo ile sehemu ya msanii wa albamu ikiwa tupu tu basi inasambaratika vipande vipande, kila msanii na kialbamu chake cha wimbo mmoja.

Wajuzi wakiulizwa wanakwambia ulipaswa kuweka bakapu. Sawa, bakapu ninayo, lakini kwa nini nihitaji bakapu ya nyimbo maelfu kwa ajili ya kusahihisha herufi moja? Programu ya kuandikia barua tu ina kitufe cha kurudi nyuma, hii inayogusa faili mamia kwa mpigo mmoja haina, au inacho ila kinarudisha kile unachokiona kwenye skrini huku ndani ya faili mambo yamebaki vilevile.

Ninachoomba kwa wanaoziunda ni kwamba kabla programu haijaandika chochote inionyeshe jina la zamani na jipya ubavu kwa ubavu pamoja na urefu wa wimbo, nikikubali ndio iandike, na sehemu ambayo sikuigusa isiiguse. Nikichagua nyimbo kumi na mbili kwa pamoja nikaacha kisanduku cha jina kitupu, maana yake ni "acha kama yalivyo", sio "futa yote". Kuna programu chache zinafanya hivyo tayari, tena za bure, kwa hiyo hawa tunaowalipa wasituambie haiwezekani.

Msomaji wenu wa kila siku,
Mpenda muziki