Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Mombasa: tufungulieni mlango tusomee kwetu

Mheshimiwa Waziri, salaam aleikum na heshima zako.

Mimi ni kijana wa Mishomoroni, niko mwaka wa tatu chuo kikuu huko Marekani nasomea digrii ya afya ya kimataifa, na kila nikisema hivyo mtaani naulizwa, "kwa hivyo utakuwa daktari?" La. Twasoma takwimu, twasoma magonjwa yanavyosambaa, uchumi, mila, hata siasa, manake ugonjwa hauanzi hospitali, waanzia nyumbani na barabarani. Kuna vyuo kama Duke ambapo kozi hii husomi peke yake, lazima uifunge na nyingine.

Hebu nikueleze kwa nini niliichagua. Mwanzo wa 2018, wakati ule chikungunya imeenea Mombasa, ikaingia na kwetu. Mamangu akawa hawezi kukamua leso. Namkumbuka amesimama uani, leso imelowa chapachapa, maji yamtiririka mpaka viwikoni na vidole vimekataa kufunga, nikamwambia lete mama nikukamulie. Homa iliisha baada ya siku chache lakini viungo vilimuuma miezi. Na kila usiku twalala ndani ya neti twajiona tuko salama, kumbe mbu wa chikungunya, ndiye huyo huyo wa dengi, huuma mchana, tena hapendi maji machafu ya mtaroni, hupenda maji yaliyotulia masafi, yaani maji yetu sisi, yale ya pipa la buluu kando ya jikoni. Na pipa lile twaliweka kwa nini? Kwa sababu mfereji watoa maji siku mbili kwa wiki, siku zilizobaki ni kumngoja wa mkokoteni na mitungi yake ya lita 20. Ukimwambia mtu asiweke maji, apikie nini?

Halafu nakaa darasani ng'ambo naiona Mombasa kwenye slaidi, doti nyekundu, mhadhiri aeleza ugonjwa huu ulitambuliwa kusini mwa Tanganyika 1952 na jina limetoka Kimakonde, maana yake kujikunja, na darasa zima ni mimi tu niliyemuona mtu aliyejikunja.

Mwaka jana wakati wa kusi nilirudi, kozi yataka wiki nane za kazi mashinani. Nikaenda ofisi moja ya afya, siitaji jina, na barua ya chuo mkononi. Njoo kesho, njoo Jumatatu, mwisho nikaambiwa atachimenti ni za manesi na watu wa maabara, kozi yako haiko kwenye fomu. Wiki hiyo hiyo wanafunzi wenzangu wawili, wageni, wakapokewa na shirika moja hapa hapa mjini na wakatafutiwa mkalimani. Sina kinyongo nao, ni marafiki zangu na kazi waliifanya vizuri. Lakini mkalimani wa nini na mimi nipo? Iliniuma sana, mheshimiwa, na mpaka leo yaniuma.

Ninachokuomba ni kimoja. Tutengewe nafasi, hata kumi kwa mwaka, sisi wanafunzi wa Pwani tunaosomea afya ya kimataifa au afya ya umma, popote tunaposomea. Afya iko mikononi mwa kaunti tangu 2013, kwa hivyo naamini hili waweza kulianzisha wewe. Tuwekeni chini ya wahudumu wa afya wa jamii, wale 100,000 waliozinduliwa nchi nzima Septemba 2023, manake wao ndio huingia nyumba kwa nyumba na wajua kila pipa liko wapi. Sisi twaweza kuandika mtaa gani hauna maji na siku gani, tukahesabu viluwiluwi, tukachora ramani ya Kisauni, Likoni na Changamwe kabla mvua hazijaanza, si baada ya watu kujaa foleni zahanati. Mshahara hatutaki. Nauli ya matatu na tuktuk twajilipia.

Nipo nyumbani mpaka katikati ya Agosti. Mamangu alhamdulillahi siku hizi akamua leso mwenyewe. Lakini pipa bado liko pale pale, na juzi asubuhi nilipofunua kifuniko nikakuta viluwiluwi wamening'inia vichwa chini.