Ile mistari ndani ya barafu

Rafiki yangu, mambo vipi,

Nakuandikia usiku maana hii kitu imenikaa kichwani wiki nzima na wewe ndo mtu wa kwanza niliyetaka kumwambia. Unakumbuka ulivyoniambia barafu ya Antaktika ni bonge tu limekaa pale, halina habari? Sasa sikia.

Theluji inaanguka mwaka baada ya mwaka, inagandamizwa na ile inayokuja juu yake, na volkano kubwa ikilipuka mahali inaweza kuacha asidi na jivu kwenye tabaka la mwaka huo, basi ukipitisha rada kwa ndege juu ya barafu unaona mistari, kila mstari ni theluji ya kipindi kimoja. Ungetegemea iwe imelala kama kurasa za kitabu kilichofungwa. Lakini haijalala hivyo! Inapanda, inabonyea, mahali pengine imejikunja kama shuka, na kinachoikunja mara nyingi kiko chini kabisa, kilomita mbili tatu chini, pale barafu inapogusa mwamba.

Joto la ardhi likiyeyusha barafu kwa chini, matabaka ya juu yanashuka kuziba nafasi. Greenland watafiti walitoboa barafu pale NGRIP, kisima chao cha kaskazini, wakafika chini mwaka 2003, kwenye mita 3,085, wakakuta chini kuna maji, yaani barafu ya zamani zaidi ilishayeyuka ikaenda zake na kumbukumbu ya pale inaishia kama miaka 123,000 nyuma. Iliniuma kidogo kusoma hiyo, kitu kimetunzwa muda wote huo halafu kinaliwa kwa chini taratibu bila mtu kujua.

Ila kinyume chake ndo kilichonishangaza zaidi. Kuna milima inaitwa Gamburtsev, mikubwa kweli, imezikwa yote chini ya barafu ya Antaktika Mashariki, na maji yaliyoyeyuka kwenye mabonde yake yanasukumwa na uzito wa barafu kupanda mlima, yakifika pale barafu ilipo nyembamba na baridi yanaganda tena kwa chini. Kwa hiyo barafu inaongezeka kutokea chini! Mwaka 2011 watafiti walichapisha kwamba karibu na Dome A, kuba la barafu lililo juu ya milima hiyo, 24% ya eneo la chini limetengenezwa hivyo, sehemu nyingine ni hadi nusu ya unene wote, na matabaka ya juu yamenyanyuliwa yakapinda. Mimi nilikuwa najua barafu inatoka mbinguni tu.

Halafu kuna kuteleza. Chini kukiwa na maji au tope barafu inaenda kasi, kukiwa kukavu inang'ang'ania mwamba, na pale inapobadilika kutoka kung'ang'ania kwenda kuteleza mistari inavutwa chini. Halafu kuna visima viwili vilivyotobolewa kwenye barafu ya Greenland, GRIP na GISP2, vilivyo kilomita 28 tu kutoka kimoja hadi kingine, vinakubaliana vizuri kabisa mpaka karibu na chini, halafu ile asilimia 10 ya mwisho kila kimoja kinasema lake, maana matabaka ya pale yamevurugwa, ya zamani yamechanganyika na ya karibuni.

Nitakutumia picha ya rada, usiangalie juu, angalia pale chini mistari inapoanza kupotea uniambie unaona nini.

Wako.