Barua ya wazi kwa walimu wa Mufindi na Njombe wanaostaafu mwaka huu

Kamwene, wadogo zangu.

Nawaandikia nikiwa na uchungu uliokaa nami tangu siku ya malipo ya pensheni ya mwezi uliopita, nilipokwenda benki hapa Mafinga kuchukua fedha zangu. Mbele ya mashine ya ATM alisimama kijana ambaye sidhani kama amefikisha miaka thelathini, ameshika bunda la kadi za benki lililofungwa kwa mpira. Alikuwa akiingiza kadi moja baada ya nyingine, akibonyeza namba za siri alizokuwa akizisoma kwenye kijidaftari, akihesabu noti na kuzitia kwenye mfuko wa koti. Nje, kwenye ukuta mfupi wa ua, wazee saba walikuwa wameketi wakisubiri. Kila baada ya muda kijana yule alitoka, akaita jina, na mwenye jina akainuka kupokea kilichobaki cha pensheni yake mwenyewe. Wa nne kuitwa alikuwa mwalimu niliyefundisha naye shule moja kwa miaka kumi na moja. Alipewa noti saba za shilingi elfu kumi. Aliponiona aliinama, akajishughulisha na kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

Nilimfuata nyumbani kesho yake, kwa sababu kumwacha na aibu ile peke yake kungekuwa ukatili. Alinieleza yote, akaniruhusu niwaandikie ninyi mradi nisimtaje jina. Pensheni yake ni shilingi 365,000 kwa mwezi. Mke wake alipougua alikopa shilingi 900,000 kwa mmoja wa wale wakopeshaji ambao watu wamewapa jina la kausha damu, kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi, akaacha kadi na namba ya siri kama dhamana. Mimi nilifundisha hisabati miaka thelathini na tatu, kwa hiyo tulichukua karatasi tukapiga hesabu pamoja. Mwezi wa kwanza riba peke yake ni shilingi 270,000. Kijana alichukua 295,000, na kwa hiyo deni lilipungua kwa shilingi 25,000 tu. Hata kama riba itapigwa kwa kilichobaki, na hata kama mwenzetu hatakopa tena shilingi moja, atamaliza deni hilo baada ya zaidi ya miezi tisa, akiwa amelipa zaidi ya shilingi milioni 2.7 kwa mkopo wa laki tisa. Na mtu anayekula kwa shilingi 70,000 kwa mwezi lazima atakopa tena, jambo ambalo mkopeshaji analijua vizuri kuliko sisi.

Msidhani mwalimu yule alikuwa mlevi au mzembe. Miaka minne iliyopita alipokea mkupuo, yaani fedha ambayo mstaafu hulipwa kwa mara moja anapotoka kazini, wa shilingi milioni 38. Ndani ya miezi kumi na minne alikuwa ameanza nyumba ya wageni yenye vyumba vinane, ambayo mpaka leo imesimama kwenye linta na nyasi zinaota ndani. Amewanunulia wanawe wawili pikipiki za bodaboda. Amenunua ekari kumi za kupanda misindano. Na amechangia harusi tatu za ukoo kwa kiwango ambacho hajawahi kuchangia alipokuwa kazini, kwa sababu kila mtu alijua kwamba amelipwa. Kila kimoja kati ya hivyo, ukikiuliza peke yake, kina sababu nzuri. Kilichomwangusha ni kwamba aliamua vyote kwa haraka, katika mwaka ambao mtu yeyote anayetoka kazini huwa hajaijua bado hali yake mpya.

Ndugu zangu, mkupuo huo mnaousubiri mnauelewa? Nauliza kwa sababu nimeongea na wengi wenu na nimegundua kwamba mnajua kiasi, lakini hamjui ni fedha ya nini. Tuchukue mwalimu aliyechangia miezi 408, yaani miaka 34, ambaye wastani wa mshahara wake katika ile miaka mitatu bora ndani ya kumi ya mwisho ni shilingi milioni moja kwa mwezi, sawa na milioni 12 kwa mwaka. Kikokotoo, yaani kanuni ya kupigia hesabu ya pensheni, kinazidisha miezi hiyo kwa mshahara wa mwaka na kugawa kwa 580, tunapata pensheni kamili ya takriban shilingi milioni 8.44 kwa mwaka. Kwa utaratibu uliotangazwa katika bajeti ya mwaka 2024/25, uliopandisha mkupuo wa watumishi kama sisi kutoka asilimia 33 hadi asilimia 40, mwalimu huyo anachukua asilimia 40 ya pensheni hiyo, inazidishwa mara 12.5, na mkononi anapata kama shilingi milioni 42.2. Asilimia 60 iliyobaki inagawanywa kwa miezi kumi na miwili, naye anabaki na shilingi 422,000 kila mwezi maisha yake yote.

Sasa gawanyeni milioni 42.2 kwa laki 4.22. Mnapata mia moja. Mkupuo wenu ni sawa na pensheni ya miezi mia moja, miaka minane na miezi minne. Hiyo si zawadi ya serikali wala bahati iliyowaangukia. Ni sehemu ya chakula chenu cha uzeeni mnayoichukua mapema, na kwa kuichukua mmekubali kwamba kila mwezi mtapokea pungufu mpaka siku mtakapozikwa. Atakayeitumia milioni 42 kwa mwaka mmoja amekula miaka minane kwa mwaka mmoja. Ningependa hesabu hii iandikwe ubaoni katika kila chumba cha walimu, na iandikwe na walimu wenyewe.

Ushauri wangu mkubwa, na ndio ulionifanya nishike kalamu, ni huu: mkupuo ukiingia, uacheni mwaka mzima. Msijenge, msinunue gari, msifungue biashara ambayo hamkuwahi kuifanya, msikopeshe ndugu. Ishini kwa pensheni ya mwezi peke yake kwa miezi kumi na miwili, mjue inatosha nini na haitoshi nini, kwa sababu mpaka hapo mtakuwa mnakisia tu. Mimi nilistaafu mwaka 2016 na sikufanya hivyo. Mwezi wa tatu baada ya kulipwa nilinunua gari la abiria lililokwisha kutumika, kwa shilingi milioni 14, nikalikabidhi kwa dereva niliyemwamini, nami sikuwa najua hata bei ya tairi. Baada ya miezi kumi na tisa nililiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mke wangu, ambaye alinisihi nisubiri, hajawahi kunikumbusha jambo hilo hata siku moja, na ukimya wake umenifundisha kuliko maneno yangeweza kunifundisha.

Kuiacha fedha hakuna maana ya kuilaza katika akaunti ya kawaida. Benki zinazo akaunti za muda maalumu, ambamo fedha hufungwa kwa miezi mitatu, sita au kumi na miwili kwa riba mnayokubaliana, na kule kufungwa kwenyewe ni kinga, maana unaweza kumwambia mpwa wako kwa kweli kabisa kwamba fedha haipo mkononi. Mwaka ukipita, sehemu yake inaweza kwenda kwenye hatifungani za serikali, yaani hati za kuikopesha serikali fedha kwa riba, zinazouzwa kwa mnada na Benki Kuu ya Tanzania, kuanzia za miaka miwili hadi ishirini na tano, na kiwango cha chini cha kununua ni shilingi milioni moja. Riba yake hulipwa kila baada ya miezi sita. Tuseme umepata hatifungani yenye riba ya asilimia 12 na umeweka shilingi milioni 20: kila nusu mwaka utapokea shilingi milioni 1.2, na milioni 20 zako zitarudi muda wake ukiisha. Asiyetaka kuhangaika na mnada auulizie mfuko wa Hati Fungani wa UTT AMIS, taasisi ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, ambao una mpango wa kugawa gawio kwa wawekezaji wanaohitaji kipato cha mara kwa mara. Jambo moja tu mwangalie: mwenye miaka 60 asifunge fedha yake yote katika hatifungani ya miaka 25, kwa sababu ingawa inaweza kuuzwa sokoni kabla ya muda, bei ya siku hiyo haiamui yeye.

Najua wengine mnawaza mashamba, na katika nyanda zetu hizi mtu asiyewaza shamba ni mgeni. Sina ugomvi na kilimo. Lakini misindano unayoipanda ukiwa na miaka 60, ukiitunza na moto usipopita, utaivuna kwa faida ukiwa na miaka 75 au zaidi; hiyo ni akiba ya wajukuu, na ipangwe hivyo, isihesabiwe kuwa ndiyo itakayolipa hospitali mwaka ujao. Parachichi za kupandikizwa huanza kuzaa mapema, kama mwaka wa tatu, lakini shamba linataka maji, mbolea na mtu wa kulilinda, na wanunuzi wa Njombe na Rungwe hawachukui kila tunda. Mwenye shamba aliloanza kulihudumia akiwa na miaka 45 au 50 anaendelea na kazi anayoijua. Anayeanza siku aliyopokea mkupuo anajifunza kwa fedha ambayo haitapatikana tena.

Kuhusu wale wanaoahidi kuzidisha fedha, sina maneno mengi. Mwaka 2009 wakati DECI, ule mpango wa upatu, inasimamishwa, walikuwamo walimu, wachungaji na wakulima waliokuwa wameambiwa kwamba wanapanda mbegu. Leo maneno yale yale yanakuja kwa simu.

Hapa lazima niseme pia kwamba lawama si ya wastaafu peke yao. Tunamlipa mtu mshahara kwa miaka 34, tunamkata asilimia 5 na mwajiri anachangia asilimia 15, halafu tunamwita kwenye semina ya siku mbili miezi michache kabla ya kuondoka, na katika semina hiyo nusu ya muda wanapewa wauza vifaranga na wauza viwanja. Semina ya mstaafu ingekuja akiwa na miaka 50, wakati bado ana mshahara wa kusahihishia makosa. Wapo waajiri wanaochelewesha michango na kuwaacha wazee wakizunguka ofisini na mafaili kwapani. Wapo viongozi wa dini wanaomtaja mstaafu kwa jina ibadani siku ya changizo. Na wapo watoto, wengine tuliwafundisha wenyewe, ambao baba hajamaliza kupokea barua ya kustaafu wameshagawana mkupuo wake kichwani. Wanangu, baba yenu hajashinda mnada. Amemaliza nguvu zake.

Yaliyobaki nayataja kwa kifupi. Lipeni madeni yote mkiwa bado kazini. Hakikini michango yenu PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, angalau miaka miwili kabla ya kufikisha 60, na anayefikiria kustaafu kwa hiari akiwa na 55 apige hesabu ya miezi 60 atakayoipoteza kwenye kikokotoo. Ezekeni nyumba ya kuishi kabla ya kustaafu, hata kama ni ya vyumba viwili. Andikeni wosia. Mke au mume ajue kiasi kilichoingia na kilipowekwa. Mkilazimika kukopa, anzeni na SACCOS yenu, na mkopeshaji mwingine yeyote mwulizeni kwanza leseni, kwa kuwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka awe nayo.

Na kadi ya benki, wadogo zangu, haiachwi kwa mtu, wala namba ya siri haitajwi, hata kama nyumbani kuna mgonjwa. Siku ya ugonjwa njoo kwetu. Wazee watatu tuliostaafu hapa Mafinga tulichanga wiki iliyopita, tukaenda na mwenzetu kwa yule kijana, tukalipa kilichobaki mbele ya mwenyekiti wa mtaa na kuandikishana. Kadi ilirudi ikiwa imekwaruzika kiasi kwamba jina lake halisomeki vizuri. Tulikwenda naye moja kwa moja benki kubadilisha namba ya siri, naye atakuwa anaturudishia shilingi 60,000 kwa mwezi bila riba.

Wanaostaafu mwaka huu nawakaribisha nyumbani kwangu kila Jumamosi baada ya saa nne asubuhi. Njooni na hati ya mshahara wa mwisho na taarifa ya michango, na anayeweza aje na mwenzi wake, tukae mezani tupige hesabu ya kila mmoja kabla fedha hazijaingia.

Ni mimi mwalimu wenu mstaafu,
Mafinga, Iringa