Msimpangie Mungu tarehe mbele ya watoto

Mhariri,

Kila mwaka majivu yakishapakwa tu, wazazi huanza kunijia. "Mwalimu, huyu mwanangu hana subira hata chembe, Kwaresima hii umnyooshe." Husema hivyo wakiwa wima mlangoni, boda inawangoja barabarani, injini haijazimwa. Mimi ni katekista hapa Kilembe, wilaya ya Kasese, Uganda. Nimefundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, na sasa Jumamosi nakaa na watoto wanaojiandaa kwa Komunyo ya Kwanza. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho tulichokulia kwenye nyumba za wachimbaji wa mgodi wa shaba. Baba zetu walitoka kila pembe, na huko shimoni hapakuwa na muda wa kutafuta mkalimani.

Nina neno na wazazi hao, na wala si juu ya watoto.

Redioni wanapenda kusema simu na katuni ndizo zimewamaliza watoto subira. Sikubali. Mtoto anajua kungoja kuliko sisi. Mwangalieni mwanafunzi wa bweni siku ya kutembelewa: alfajiri ameshaoga, sare imenyooshwa, amekaa mahali anapoliona geti, na kila taksi ikipunguza mwendo anasimama. Huyo utamfundisha nini kuhusu kungoja? Kinachomshinda ni kumwamini tena mtu aliyesema "nitakuja" kisha asionekane. Na watu wazima tumeongeza tabia mbaya zaidi ya hiyo: ahadi zetu wenyewe, ambazo hatuna uwezo nazo, tunazitoa kwa jina la Mungu.

Nitatoa mfano bila kumtaja mtu. Darasani kwangu yuko mtoto ambaye mama yake yuko Uarabuni kwa kazi za ndani. Watoto wa namna hiyo ni wengi siku hizi, huku kwetu na kwingine Uganda. Mkataba kwa kawaida ni wa miaka miwili, na mara nyingi ukiisha unaongezwa. Nyumbani aliambiwa, "Ukisali vizuri Kwaresima hii, Mungu atamleta mama Pasaka." Mtoto akasali. Kila Ijumaa alikuja kwenye Njia ya Msalaba, akapiga magoti vituo vyote 14 kwenye sakafu ya saruji, wakubwa wakiwa wameegemea nguzo. Pasaka ikafika, mama hakuja. Mkataba wake ulikuwa haujaisha, na kila mtu mzima pale nyumbani alilijua hilo. Jumamosi iliyofuata akaniuliza mbele ya wenzake, "Mwalimu, nilikosea sala gani?"

Simlaumu sana bibi yake. Usiku ule alitaka mjukuu aache kulia alale. Lakini alikopa, na deni akamwandikia Mungu.

Nilimwambia mtoto kwamba hakukosea sala yoyote, na kwamba ile tarehe haikutoka mbinguni. Kisha tukamwomba shangazi yake atuambie mkataba unaisha lini hasa, tukaizungushia duara siku hiyo kwenye kalenda ya parokia. Ni mbali. Hakufurahi. Ila sasa anaomba mama awe mzima, asidhulumiwe mshahara, wasali wote wawili saa ileile hata kama ni kwa nchi mbili tofauti. Hayo ni maombi ambayo mtoto anaweza kuyasali bila mtu kumdanganya.

Wazazi huniuliza nawafundisha hadithi gani ya Biblia. Wanategemea Abrahamu. Nikiwaambia watoto kwamba Abrahamu alikuwa na miaka 75 alipoondoka Harani na 100 Isaka alipozaliwa, wanapiga miayo. Kwa mtoto wa miaka tisa, 75 na 100 ni uzee uleule. Wanayoipenda ni ile ya ndama wa dhahabu. Musa yuko mlimani siku 40, mchana na usiku. Watu huku chini wanaona amekawia, wanamwendea Haruni, wanataka miungu ya kuwatangulia. Haruni anawaambia walete pete za dhahabu zilizo masikioni mwa wake zao na watoto wao. Mwaka jana msichana mmoja alikasirika kwelikweli. "Haruni alikuwa mtu mzima! Si angewaambia tu kwamba hajui Musa atarudi lini?"

Nimesikiliza mahubiri mengi maishani, mengine marefu mno, na machache yamelenga kama hilo swali. Haruni aliona aibu kusema hajui. Akatafuta kitu chochote kinachong'aa cha kuwatuliza.

Ya pili wanayoipenda ni ya mfalme Sauli, katika Samweli wa kwanza sura ya 13. Sauli anamngoja Samweli siku saba alizoambiwa, jeshi linaanza kutawanyika, anashindwa kuvumilia, anatoa sadaka mwenyewe. Alipomaliza tu kuitoa, Samweli huyo anatokea! Watoto hucheka sana hapo. Halafu mmoja hukumbuka maandazi ambayo mama alisema yasiguswe mpaka wageni wafike, na kicheko hukatika.

Kuna wahubiri wanaotangaza muujiza upokelewe leo kabla jua halijazama. Sitaki kugombana na majirani. Watoto wenyewe wameshaona kwamba jua huzama.

Ningependa zaidi wazazi wawasimulie watoto habari za hapahapa. Kila mtoto wa Kikatoliki Uganda anajua kwamba wengi wa Mashahidi wa Uganda, waliouawa kwa ajili ya imani yao, walichomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Wachache wanajua kilichotangulia. Mapadre wa kwanza, Wamisionari wa Afrika, walifika Buganda mwaka 1879, na mwishoni mwa 1882 wakaondoka, wakaenda kusini mwa ziwa, upande wa Tanzania ya leo. Hawakurudi mpaka katikati ya 1885. Kwa zaidi ya miaka miwili na nusu hapakuwa na padre wala Misa, na hakuna aliyewaambia Wakristo wale wachanga kwamba mapadre watarudi siku fulani. Je, walikaa wakitazama ziwa? Vijana kama Yosefu Mukasa Balikuddembe na Andrea Kaggwa walifundisha wenzao walichokijua, wakasali pamoja, wakahudumia wagonjwa. Padre Lourdel na wenzake waliporudi walikuta waumini wameongezeka. Kizito naye, mdogo kuliko Mashahidi wote, alitamani ubatizo muda mrefu, akaupata Munyonyo kwa mkono wa Karoli Lwanga, Shahidi mwenzake, usiku mmoja wa Mei 1886, siku chache kabla ya kufa. Watoto wakifika hapo hawaulizi tena kungoja ni nini. Huuliza, "Sisi tufanye nini tukingoja?" Na hilo ndilo swali la Kwaresima.

Huku Kilembe tumekaa na kungoja kwa aina zote mbili. Mgodi wa shaba ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, na tangu hapo kila baada ya muda kuna tetesi kwamba utafunguliwa. Wapo wazee waliozeekea barazani wakiisikiliza tetesi hiyo. Wapo wengine waliopanda kahawa mlimani, wakasomesha, na bado wanautazamia mgodi kama wenzao. Watoto wanawaona wote wawili, wala hawahitaji katekista awaonyeshe tofauti.

Sasa nije kwenye ninachofanya, maana mtasema bibi huyu analaumu tu. Kwanza, simnyimi mtoto chakula. Sheria ya Kanisa yenyewe inamtaka mtu aache nyama kuanzia akitimiza miaka 14, na kufunga ni kuanzia 18. Mtoto wa miaka minane anayetembea kwenda shule bila uji atafikiria uji tu, hatamfikiria Mungu. Tunabandika karatasi ya manila yenye visanduku 40, kila siku mmoja anapaka rangi ya zambarau kisanduku kimoja. Kila mwaka hutokea mjanja anayehesabu kalenda toka Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu, akapata siku 46, akanishtaki kwamba nimewaibia. Tunazitoa Jumapili sita, hesabu inakubali. Aleluya haiimbwi mpaka Mkesha wa Pasaka, na mtoto akijisahau akaianza, wenzake wanamziba mdomo kabla mimi sijageuka. Ijumaa baada ya Njia ya Msalaba tunawachotea maji wazee wanaoishi peke yao. Zaburi ya 27 wanaijua kwa moyo, "Umngoje Bwana, uwe hodari, upige moyo konde," na wavulana hujipiga kifua kwa ngumi kweli, hata nikawaambia wapunguze.

Hiyo yote ni kungoja kwenye siku inayojulikana. Pasaka ipo kwenye kalenda na haijawahi kukosa kuja. Majirani zetu Waislamu wanalijua jambo hili vizuri. Mwaka 2025 na tena 2026 mifungo yetu ilianza karibu wakati mmoja, na watoto wao walikuwa wakihesabu kuelekea futari huku wetu wakihesabu visanduku. Mtoto akishangoja kitu kikaja kweli, tena na tena, mwaka baada ya mwaka, ndipo anapata pa kusimama atakapolazimika kungoja kitu kisicho na tarehe: bibi apone, baba apate kazi, mama arudi. Huko ndiko Mungu anakongojewa hasa. Na huko ndiko tunakoharibu kwa kumbandikia Mungu tarehe zetu. Hata ndizi ulizofukia shimoni ziive, ukizifukua kila asubuhi kuchungulia, utakula mbichi.

Kwa hiyo ombi langu kwa wazazi na walezi Kwaresima hii ni dogo. Msiseme "Mungu atakuletea Pasaka" kuhusu kiatu ambacho hamjui kama mtakinunua. Semeni "sina hela, nikipata nitanunua," kisha mkipata mnunue. Na ninyi mnaolea watoto ambao wazazi wao wako Uarabuni au Kampala kutafuta riziki, leteni Jumamosi saa nane mchana tarehe ya kweli ya kurudi, tuiandike ukutani. Kama hamuijui, mwambieni mtoto hamuijui, kisha kaeni naye mmwombee huyo aliye mbali. Atalia kidogo, halafu atawauliza kama kesho kuna shule.

Katekista mstaafu wa ualimu, lakini si wa katekisimu,
Kilembe, Kasese