Nipitie kwa Mama

Minneapolis, Oktoba

Shoga yangu Mwanahamisi,

Salamu nyingi baada ya kimya kirefu. Sisi wazima, baridi imeshaanza, baba Salma bado yuko zamu za usiku. Mengine baadaye, maana lililonikalisha kuandika halingoji.

Mama hapokei simu zangu. Mbwana kairusha kwenye grupu la familia picha ya Salma amevaa joho jeusi na kofia ndefu ya ncha, Mama akaiona. Akaniletea voisi fupi: "Mjukuu wangu mmeshamfanya mchawi." Tangu hapo kimya. Wewe ndiye anayekusikiliza kuliko sisi tuliotoka tumboni mwake. Tafadhali pita Ngamiani, ukae naye mpaka chai ya pili, usiende na zile haraka zako.

Mwambie kofia ile imetoka kwenye televisheni. Oktoba ikifika huku wanarudia vichekesho vya zamani, zile sehemu za Halloween, ule usiku wa tarehe 31 watoto wanapovaa mavazi ya vitisho na kupita mlango kwa mlango kuomba peremende, nami na Salma tunatazama jioni. Kipenzi chake ni Samantha wa Bewitched, kipindi kilichoanza 1964. Mke wa mtu, kaolewa na bwana wa matangazo, nyumba safi, naye ni mchawi. Mwaka uleule wa kwanza walitoa sehemu ya Halloween: Samantha na shangazi zake wanakunywa chai, wanalalamika kwamba kila mwaka watu wanawachora vibibi vya meno mabovu na chunjua puani. Kumbe mume kapata mteja wa peremende anayetaka picha ya namna hiyohiyo! Wanamwendea yule mteja usiku chumbani kwake mpaka anasalimu amri. Salma alicheka hadi akakohoa, kisha akaniuliza kama mtu anaweza kusingiziwa uchawi kwa sura yake tu. Nikanyamaza, shoga. Nilikumbuka vikongwe wa Usukumani waliouawa kwa sababu ya macho mekundu, na macho yenyewe ni moshi wa jikoni. Hilo Mama analijua, na lilikuwa linamliza redio ikitangaza. Mkumbushe.

Halafu mwambie la UNICEF, maana UNICEF anaiheshimu. Tangu 1950 watoto wa Marekani wanatumia usiku huo kuchangisha senti za watoto wenzao, na Samantha mwenyewe alishughulika na mchango huo katika sehemu ya 1969. Mama yake Samantha akachukia, akamgeuza mkwewe kibibi cha pua ndefu. (Hapo usimweleze Mama kwa kirefu, atadhani nimemtumia ujumbe.)

Mimi lakini wangu ni Roseanne, mama wa nyumba katika kichekesho kingine chenye jina lake. Familia ya Conner, mji mdogo wa kubuni huko Illinois, bili haziishi, mume anahangaika na vibarua vya ujenzi. Halloween yao ya kwanza ilitoka 1989: nyumba nzima wameigeuza handaki la vitisho, mke na mume siku nzima wanashindana nani atamshtua mwenzake. Watu hawana pesa, ila usiku ule hakuna aliye tajiri kuliko wao. Na Mama wetu je? Nani aliyekuwa akizima kandili katikati ya hadithi ya zimwi, akajifunika kanga gubigubi, akatokea nyuma ya mlango? Wewe ulikuwa unalala kwetu, ulikuwa unapiga kelele kuliko wote! Mbona hakuna aliyesema tumefanywa wachawi?

Sasa sikiliza hii, maana ndiyo inayoninyima usingizi. Sehemu ya 1992, Roseanne hataki Halloween kabisa. Hapambi, hatishi mtu. Binti yake mkubwa, Becky, ameolewa kwa kutoroka na mumewe kamhamishia Minneapolis. Minneapolis, shoga! Hapahapa. Inabidi mizimu ya Halloween iliyopita, ya sasa na ijayo ije imzungushe ndipo moyo umrudi. Nilizima televisheni nikalia. Nadhani Mama hanuni kwa ajili ya kofia. Ananuna kwa kuwa mjukuu anakua mbali, kwa vitu asivyovijua, na hakuna anayemweleza. Basi ukienda usibishane naye juu ya uchawi. Mwambie Salma anataka hadithi ya zimwi kwa sauti ya bibi yake, ile ndefu, tarehe 31 kabla hatujatoka. Ni kweli, ameiomba.

Je, mguu wake ule umepona au bado anaficha? Dawa anameza? Rukia alikwenda kumwona au maneno tu? Na wewe, ile kesi ya kiwanja imefikia wapi? Mashaka amerudi nyumbani? Unaweza kwenda Ijumaa hii? Ukifika nipigie kwa simu yako, umpe tu, usimwambie ni nani.

Wako,
Mama Salma